Namna ya kuwalinda kuku na njiwa wa uani dhidi ya kunguru, panya na utitiri

Na Mwandishi Wetu

UFUGAJI wa kuku na njiwa uani ni jambo la kawaida katika vitongoji vya Dar es Salaam. Kiwalani, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo jirani na Vingunguti na Kipawa, ni miongoni mwa maeneo ambayo nyumba zimesongamana na nyua ni finyu, lakini si ajabu kukuta kuku wakiparua chini ya mwembe au kasha la njiwa likiwa juu ya nguzo. Kwa baadhi ya wenye nyumba ndege hao ni burudani ya macho. Kwa wengine ni akiba, kwa kuwa jogoo mmoja anaweza kuuzwa siku ambayo mtoto anahitaji daftari au mgonjwa anahitaji dawa.

Akiba hiyo hupotea kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa kuku aliyeatamia mayai 12 akaangua vifaranga 10. Mfugaji akipoteza kifaranga kimoja tu kwa wiki, baada ya wiki 8 atabaki na viwili. Wengi husema "mwewe kachukua" na kuishia hapo. Hata hivyo, mwewe ni mmoja tu kati ya maadui wengi, na si wote wanaotoka angani.

Makala haya yanaeleza maadui wakuu wa ndege wanaofugwa mijini, dalili wanazoacha, na hatua ambazo mfugaji wa kipato cha kawaida anaweza kuchukua. Msingi wake ni mmoja: mfugaji amtambue kwanza adui kwa alama zake, kisha azibe njia anayopitia. Anayekimbilia sumu kabla ya kufanya hivyo mara nyingi humuua asiyehusika, na adui hubaki.

Kunguru, mgeni aliyeletwa kusafisha mji

Adui wa mchana anayefahamika zaidi Dar es Salaam ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyu si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake ni India na nchi jirani, na aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakati visiwa hivyo vikiwa chini ya himaya ya Uingereza, kwa lengo la kula taka za mjini. Kutoka hapo alienea hadi miji ya mwambao wa bara, ikiwamo Dar es Salaam na Mombasa.

Kunguru hula karibu kila kitu: makombo, mizoga, mayai, makinda ya ndege wengine na vifaranga. Ni ndege mwerevu anayejifunza haraka. Huweza kukaa juu ya paa akimtazama kuku, akasubiri atoke kwenye kiota, kisha akashuka kuchukua yai. Mara nyingi hushirikiana. Mmoja humchokoza mama na mwingine hunyakua kifaranga upande wa pili.

Jitihada za kumpunguza zimefanyika mara kadhaa. Zanzibar iliendesha kampeni katika muongo wa 1990, na idadi ya kunguru ikashuka sana, lakini kazi iliposimama waliongezeka tena. Dar es Salaam nayo imewahi kuwa na kampeni za mitego na sumu maalumu. Juni 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1 kabla ya mwaka huo kumalizika. Historia hiyo inaonyesha kuwa kunguru hawezi kumalizwa na mtu mmoja kwa manati. Panapokuwa na chakula cha bure, atarudi.

Kwa wakazi wa Kiwalani jambo hilo lina uzito wa pekee. Vingunguti ilikuwa na dampo la jiji katika miaka ya 1990. Siku hizi taka za jiji hupelekwa Pugu Kinyamwezi, lakini machinjio ya Vingunguti yangali yakifanya kazi, na popote penye mabaki ya nyama kunguru na mwewe hukusanyika. Jaa la taka lililo wazi nyuma ya nyumba huwafanya waongeze safari na kushuka hadi uani.

Mwewe na kipanga

Mwewe hushambulia mchana, hasa asubuhi na alasiri, na hulenga vifaranga vilivyo mahali pa wazi. Hashindani na kuku mkubwa. Kipanga ni mwepesi zaidi na huweza kumkamata njiwa akiwa angani. Alama ya ndege hawa ni kifaranga kutoweka bila damu wala shimo, au manyoya ya njiwa yaliyotawanyika mahali pamoja.

Kinga dhidi yao ni kivuli na paa. Ua wenye mpapai, mchongoma au vichaka vifupi huwapa vifaranga mahali pa kukimbilia. Pasipo na miti, mfugaji anaweza kutandaza juu ya sehemu ya ua nyavu chakavu za uvuvi, zilizofungwa kwenye nguzo kwa kimo kinachomwezesha mtu kupita. Kamba zilizovutwa juu ya ua kwa kupishana nazo humtatiza mwewe anayeshuka kwa kasi. Vitu vinavyometameta, kama santuri za CD zilizoning'inizwa, husaidia kwa siku chache. Baada ya hapo ndege huzoea, kwa hiyo havifai kutegemewa peke yake.

Kuwaua mwewe na bundi si suluhisho. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Aidha, bundi, ambaye watu wengi humwogopa kwa sababu za kimila, ni mlaji mkubwa wa panya. Mfugaji anayemfukuza bundi anampoteza mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Paka, nguchiro na panya

Usiku una maadui wake. Paka wa mitaani huchukua kifaranga kizima na kuondoka nacho, na mara nyingi huacha manyoya machache njiani. Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mwili mrefu na pua iliyochongoka, hutembea mchana na huweza kuua kuku kadhaa kwa mara moja akiingia bandani. Huyapenda mayai pia, na maganda yaliyovunjwa ndiyo alama yake. Kanu na fungo hutembea usiku, hasa karibu na mabonde na vichaka.

Panya ndiye hatari inayodharauliwa. Huvibeba vifaranga vya siku chache hadi shimoni, huiba mayai, huwatafuna miguu ndege waliolala na hukojolea chakula chao. Mfugaji akiona vifaranga vinapungua kila usiku huku mlango wa banda ukiwa umefungwa, aangalie pembe za sakafu na sehemu ukuta unapokutana na ardhi. Shimo la panya huwa na mdomo laini uliosuguliwa, na kinyesi chake hufanana na punje nyeusi. Panya buku, anayeishi kwenye mitaro na mashimo makubwa, huhitaji tundu kubwa zaidi, lakini meno yake hutoboa mbao laini bila shida.

Hapa ndipo wengi wanapokosea katika kuchagua wavu. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita huwazuia kuku kutoka, lakini haumzuii panya wala nyoka kuingia. Kwa sehemu ya chini ya banda, hadi kimo cha goti, unahitajika wavu mgumu wa miraba isiyozidi nusu inchi. Wavu huo ufukiwe ardhini kiasi cha sentimeta 30, au sakafu imwagwe zege nyembamba, ili mchimbaji asipite chini. Mlango uwe na komeo, kwa kuwa kamba ya kufungia hulegea na paka huweza kuisukuma. Kufuli lina faida ya ziada: humzuia pia kibaka mwenye miguu miwili.

Nyoka

Nyoka huvutwa na mayai, vifaranga na panya. Humeza windo zima, hivyo haachi maganda wala manyoya. Wakati mwingine hukutwa ndani ya banda asubuhi, kwa sababu tumbo limejaa na hawezi kupita tena kwenye tundu aliloingilia. Baadhi ya nyoka wa Dar es Salaam, kama swila, wana sumu kali na huweza kutema sumu machoni.

Kwa sababu hiyo, mtoto asitumwe kuokota mayai gizani. Anayekwenda bandani usiku abebe tochi, amulike kiota kabla ya kuingiza mkono na avae viatu. Mtu akiumwa na nyoka, apelekwe hospitali mara moja akiwa ametulizwa. Kuchanja jeraha, kulinyonya au kufunga kamba kwa nguvu huongeza madhara. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari. Njia bora ya kumweka nyoka mbali ni kuondoa marundo ya matofali, mbao na majani makavu yanayopakana na banda, na kupunguza panya anaowafuata.

Wadudu wanaokula taratibu

Maadui waliotajwa juu huonekana. Kundi la pili ni la wadudu, na kwa kuwa huua taratibu, mfugaji hugundua akiwa amechelewa.

Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao, chini ya vichanja na katika viota. Usiku hutoka kunyonya damu. Ukiwa na njaa huonekana kama vumbi la kijivu. Ukishashiba huwa mwekundu. Kuku anayeatamia huathirika zaidi, kwa kuwa hukaa mahali pamoja siku 21. Akianza kuyakimbia mayai yake bila sababu, au mfugaji akiwashwa mikono baada ya kugusa kiota, dalili hizo zichukuliwe kwa uzito. Katika hali ya joto utitiri huweza kukamilisha mzunguko wa maisha yake kwa muda wa takriban wiki moja, na huishi miezi kadhaa bila chakula. Ndiyo maana kuliacha banda tupu kwa wiki mbili hakutoshi kuumaliza.

Papasi wa kuku huishi kwa namna hiyo hiyo, nyufani, na hueneza ugonjwa wa homa unaoweza kuua kuku wengi. Chawa huishi juu ya mwili wa ndege, na mayai yao huonekana kama chembe nyeupe zilizogandana kwenye mashina ya manyoya karibu na mkundu. Viroboto hujibana kuzunguka macho, kwenye upanga na masikio, vikiwa kama nukta nyeusi. Vifaranga vikishambuliwa sana hukosa damu na hata kupofuka. Mayai ya viroboto hudondoka chini na kukua katika vumbi la sakafu, kwa hiyo kumtibu kuku na kuiacha sakafu ni kazi bure.

Njiwa wana mdudu wao, nzi bapa anayekimbia chini ya manyoya na kunyonya damu. Nzi huyo hueneza vimelea vinavyosababisha ugonjwa unaofanana na malaria. Hutaga kwenye uchafu wa viota, hivyo kasha la njiwa linapaswa kusafishwa angalau kila wiki 2.

Mbu nao hawaumi binadamu peke yake. Hueneza ndui ya kuku, inayoonekana kama vidonda na magamba kwenye upanga na kuzunguka macho. Katika msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, makopo na matairi yenye maji yaliyotuama yaondolewe uani. Chanjo ya ndui ipo na hutolewa kwa kuchoma utando wa bawa.

Siafu huja ghafla, hasa baada ya mvua, na huweza kumuua kuku aliye kwenye mayai kwa usiku mmoja. Banda lililoinuliwa juu ya miguu minne linaweza kulindwa kwa kuiweka miguu hiyo ndani ya makopo yenye maji yaliyochanganywa na oili chafu. Makopo yafunikwe pembeni ili vifaranga visinywe.

Usafi kwanza, dawa baadaye

Hatua ya kwanza dhidi ya wadudu ni kutoa kila kinachoweza kutolewa bandani: matandiko, vichanja, viota. Matandiko yachomwe. Nyufa zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi au saruji, na kuta zipakwe chokaa. Kuku wapewe shimo la vumbi kavu lililochanganywa na majivu, kwa kuwa kujigaragaza ndiyo njia yao ya asili ya kupunguza chawa. Wafugaji wengi huweka majani ya mwarobaini ndani ya kiota. Majani hayo husaidia, lakini hayachukui nafasi ya usafi.

Dawa ya unga au ya kunyunyiza ikihitajika, inunuliwe katika duka la pembejeo za mifugo, ikiwa na lebo inayosomeka. Dawa nyingi haziui mayai ya wadudu, kwa hiyo upuliziaji hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Muuzaji aulizwe ni siku ngapi mayai na nyama havipaswi kuliwa baada ya dawa kutumika. Dawa za mazao ya shambani zisitumike kamwe juu ya ndege.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu sumu ya panya. Vifurushi visivyo na lebo vinavyouzwa na wachuuzi barabarani ni hatari kwa watoto na kwa mifugo yenyewe. Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Hata sumu halali ina madhara ya mzunguko: panya aliyeila hulegea, paka au bundi humkamata kwa urahisi, na sumu humfikia naye. Katika mitaa iliyobanana, paka wa jirani akifa ugomvi huanza, na panya waliosalia huongezeka kwa kuwa mwindaji wao hayupo. Mitego ya kubana, iliyowekwa ndani ya boksi lenye tundu dogo ili vifaranga visiingie, ni salama zaidi.

Vifaranga na njiwa

Wiki 8 za mwanzo ndizo zinazoamua idadi ya kuku watakaofika sokoni. Mabibi zetu walijua hilo. Walimfunika kuku na vifaranga vyake kwa tenga nyakati za hatari. Njia hiyo ingali na thamani. Tenga kubwa lenye jiwe juu yake, likiwekwa kivulini pamoja na maji na chakula, huzuia kunguru na mwewe mchana kutwa. Jioni vifaranga viingizwe katika banda lenye wavu mdogo. Mayai yaokotwe mara 2 kwa siku, asubuhi na alasiri, kabla kunguru na nguchiro hawajazoea njia.

Kasha la njiwa liwekwe juu ya nguzo laini, mbali na ukuta, paa na matawi ambayo paka anaweza kurukia. Nguzo izungushiwe bati lenye upana wa takriban mita 1, ili panya na nyoka wateleze. Tundu la kuingilia liwe dogo, linalomtosha njiwa tu, na lielekee upande usiopigwa na mvua. Makinda hukaa kiotani takriban mwezi mmoja, na katika kipindi hicho ndipo kunguru huwawinda zaidi.

Wenye nafasi wanaweza kuongeza kanga wawili au watatu. Ndege hao hupiga kelele wanapoona nyoka au mnyama mgeni, na kelele hizo huwatahadharisha kuku pamoja na wenye nyumba. Ni vyema majirani wakaulizwa kwanza.

Chanjo na ushirikiano wa mtaa

Ulinzi wa banda hautakuwa na maana iwapo kideri, ugonjwa unaoitwa pia mdondo, utapita mtaani. Ugonjwa huo huweza kuua karibu kundi zima, na ndege wanaozurura kutoka ua mmoja hadi mwingine huweza kuubeba. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye chimbuko lake katika maabara ya Temeke, hutengeneza chanjo ya kideri inayovumilia joto, iitwayo TEMEVAC. Chanjo hiyo hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kwa kuwa chupa moja hutosha ndege wengi, majirani hunufaika wakinunua pamoja na kuchanja siku moja. Afisa mifugo wa kata ndiye mtu wa kumwendea kwa ushauri huo, pamoja na maswali kuhusu sheria ndogo za ufugaji mijini.

Panya na kunguru hawatambui mipaka ya nyua. Nyumba moja ikifunika taka na ya jirani ikaacha jaa wazi, zote mbili zitasumbuliwa. Suala la taka linastahili kujadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, mahali ambapo wafugaji na wasiofuga wana maslahi sawa.

Utaratibu wa mfugaji

Kila jioni, mfugaji ahesabu ndege, aondoe chakula kilichobaki, afunge komeo na kumulika pembe za banda. Pumba na mahindi vihifadhiwe katika pipa la bati lenye mfuniko. Kila wiki, akague nyufa, atazame chini ya mabawa ya ndege wawili watatu, na kuzunguka banda akitafuta mashimo mapya. Kila miezi 3, achanje kideri, atoe matandiko yote na kupaka chokaa.

Kazi hizo hazihitaji fedha nyingi, ila zinahitaji kutoahirishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa kuku, tundu la nusu inchi lililoachwa leo linatosha kumnyima kifaranga kila usiku.